Digrii ya jiolojia: mkopo wa Bodi, mshahara wa mgodini na miezi ya kusubiri

NEEMA: Habari za wakati huu msikilizaji, karibu tena. Vijana wa kidato cha sita, wa PCM na PGM, yaani wa fizikia na hisabati pamoja na kemia au jiografia, wametuandikia sana, na swali ni lilelile: nikisoma jiolojia kwa mkopo wa Bodi, italipa? Kaka Joseph, wewe ndiye mwenye buti za mgodini. Tuanze na deni.

JOSEPH: Ahsante dada. Tuchukue mfano. Umemaliza chuo, Bodi ya Mikopo inakudai milioni 12: ada, bumu yaani pesa ya kujikimu, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Umepata kazi, mshahara wa msingi milioni moja. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, laki moja imeondoka. Kodi inapigwa kwenye 900,000 iliyobaki, inakuja 103,000. Bodi nao asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. Mkononi unabaki na 647,000.

NEEMA: Hapo bado pango, na mama nyumbani anasubiri.

JOSEPH: Bado kabisa. Na ukikatwa 150,000 kila mwezi, milioni 12 inaisha baada ya miezi 80. Karibu miaka saba.

NEEMA: Mbona inatisha!

JOSEPH: Inauma, lakini si deni ninaloliogopa. Zamani lilikuwa linaongezewa asilimia 6 kila mwaka, wanaita kulinda thamani. Mtu anakatwa mwaka mzima, akiangalia salio, deni liko palepale. Mei Mosi 2021 Rais Samia alitangaza kuiondoa. Sasa ukilipa, linapungua kweli. Halafu makato ya Bodi yanahesabiwa kwenye mshahara wa msingi. Posho ya porini haimo, na kwenye utafiti wa madini posho ndiyo inayobeba maisha.

NEEMA: Basi unachokiogopa ni nini?

JOSEPH: Mkataba kuisha. Mgodi kama Geita unachimba na kuuza dhahabu, una mapato. Kampuni ya utafiti wa madini haina cha kuuza, inaishi kwa pesa za wawekezaji wanaosubiri ipate mbale, yaani mawe yenye madini. Bei ikianguka, wa kwanza kufunga mahema ni hao, na vijana wengi wa jiolojia huanzia huko. Mwaka 2013 wakia moja ya dhahabu ilianza karibu dola 1,700, ikamaliza mwaka karibu 1,200. Walioajiriwa kipindi kile wanajua kilichowapata. Sasa kijana anaona 2025 bei imepita dola 4,000, anadhani ndivyo itakavyokuwa siku zote.

NEEMA: Na wewe yamekukuta.

JOSEPH: Yamenikuta. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye mashine ya kuchoronga. Kila mita inayoshuka, unapewa mfuko wa chenga za mawe. Unachekecha, unaziosha, unazipanga kwenye trei, mita kwa mita. Unashika lenzi, unatafuta madini ya kwatzi na vile vichembe vya pairaiti vinavyong'aa kama shaba, unaandika. Kazi tamu mno. Asubuhi tukaambiwa programu imesimama, mashine zinafungashwa. Nikakaa nyumbani miezi mingi, na simu kila siku.

NEEMA: Na Bodi je? Huna kazi, deni linalala?

JOSEPH: Halilali. Ukijiajiri, sheria inakutaka ulipe asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, au laki moja kwa mwezi isipungue. Ndiyo maana nasema, mwenye posho leo aweke ya kumvusha nusu mwaka. Usinunue gari kwa mkataba wa miezi sita, jamani! Nimewaona wadogo zangu wakifanya hivyo, inaniuma.

NEEMA: Wapo wanaosema mwanajiolojia bila mgodi hana pa kwenda.

JOSEPH: Si kweli, na hili nalisema kwa moyo wote. Nenda Dodoma, Singida, uone watu wanavyohangaika na maji. Kabla ya kuchimba kisima lazima mtu apime. Unachomeka vyuma ardhini, unapitisha umeme, unasoma jinsi ardhi inavyoupinga, kisha unaamua mashine iwekwe wapi. Kisima kikavu ni mamilioni ya mtu yamezama, kwa hiyo anayepima vizuri hutafutwa. Ndiko kulikonilisha mimi.

NEEMA: Na wachimbaji wadogo?

JOSEPH: Chunya, Geita, Kahama kote. Mtu ana leseni ndogo ya uchimbaji, anafuata mkanda wa dhahabu, ghafla umepotea. Umekatwa na ufa, umesogea pembeni. Mwanajiolojia anaupima mwelekeo na mwinamo, anamwambia achimbe upande gani. Tangu masoko ya madini yafunguliwe 2019, mchimbaji anauza kwa bei inayoeleweka, naye anaweza kukulipa. Ila kubaliana malipo kabla hujashuka shimoni.

NEEMA: Angekuwa mdogo wako wa tumbo moja?

JOSEPH: Ningemwambia asome, kama anapenda kulala porini. Anayetaka ofisi ya mjini, Posta pale Dar, na wikendi zake, achague kingine. Na asingoje mwaka wa mwisho: mapema ajue kuchora ramani kwa kompyuta, ajifunze kupima maji, awe na leseni ya udereva.

NEEMA: Na akishaajiriwa?

JOSEPH: Kila mwezi alinganishe hati ya mshahara na taarifa ya deni lake Bodi. Kuna waajiri wanakata halafu hawapeleki. Akiona pengo, awaandikie Bodi mara moja, aambatishe hati zote.