Swali Dogo Linalorudi
(Mhadhara kwa walimu wanaofundisha mtandaoni, Tabora)

Walimu wenzangu, tuanze na hesabu. Video ya dakika 10 inayokwenda kilobiti 800 kwa sekunde inakula MB 60. Somo hilohilo kwa sauti tupu, kilobiti 32 kwa sekunde, ni MB 2.4. Mwanafunzi aliye Sikonge na bando dogo la siku umeshamfungia mlango kabla hujamsalimu. Sura yako kwenye video haimfundishi kitu. Kama kuna mchoro, tuma picha moja.

Halafu tunahesabu waliofungua faili, tunasema wameshiriki. Kufungua si kujifunza! Mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni, kisha kasi inapungua. Mwaka 2006 watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walilinganisha kusoma tena na kujaribu kukumbuka: baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, baada ya wiki wakaachwa nyuma. Basi tuma maswali matatu kesho yake, mawili baada ya siku 3, moja baada ya wiki.

Swali lenyewe liweje? Chukua ufugaji nyuki, maana hapa Tabora kila mtu fundi. Usiulize "asali iliyoiva ni nini?" Hilo linakaririka. Uliza: "Mzee amevuna masega ambayo nusu yake nyuki hawajayafunika kwa nta. Baada ya muda asali inatoa povu. Kwa nini?" Anayesema asali isiyofunikwa bado ilikuwa na maji mengi, hamira ikaichachusha, ameelewa. Anayesema "ndoo chafu" usimpe sifuri ukanyamaza. Muulize nyuki hufunika sega wakati gani. Mwanasaikolojia Vygotsky alitaka msaada wa namna hiyo: mdogo, pale mtu anapokaribia kufika mwenyewe.

Kinachoharibu ni kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, tuseme la wanafunzi 40. Wa kwanza akijibu, 39 wananakili. Majibu yaje kwako faragha, ya maandishi au ya sauti. Usimwandikie kila mmoja, utachoka wiki ya pili. Panga makosa mafungu matatu, rekodi maelezo ya dakika 2, yatume kundini muda wa kujibu ukiisha.

Na muda uwe saa 48. Swali la dakika 15 linapima nani ana simu mkononi. Binti anayetegemea simu ya baba yake huipata saa tatu usiku, chaji imebaki asilimia 8.