Deni la dola, kodi ya shilingi

Karibuni tuketi. Leo nataka tulitazame deni moja tu, kwa sababu humo ndimo mtaji wa kimataifa unapoonekana waziwazi unavyoingia na kutoka katika nchi kama Kenya.

Juni 2014 serikali iliuza Yurobondi yake ya kwanza, yaani hatifungani, hati ya deni, inayouzwa kwa wawekezaji wa nje kwa dola, na Desemba ikaiongeza. Fungu la miaka 10 peke yake lilifika dola bilioni 2, kwa riba ya asilimia 6.875. Wanunuzi waliigombania. Wakati huo riba za Marekani zilikuwa karibu na sifuri, na mwenye fedha New York akiziweka kwao haambulii kitu. Walikuja kwa sababu ya hali ya kwao kuliko ya kwetu.

Dola ilikuwa shilingi 87 hivi.

Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba. Kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Fedha zikarudi kwao. Januari 2024 dola ikawa shilingi 160. Hebu pigeni hesabu: dola bilioni 2 zilezile, zilizokuwa kama shilingi bilioni 174, sasa zilidai shilingi bilioni 320. Hatukuwa tumeongeza hata senti kwenye deni hilo. Na kodi, ndugu zangu, tunakusanya kwa shilingi. Mimi sipingi kukopa. Ninachopinga, na nitakipinga daima, ni kukopa dola kugharamia mradi unaoingiza shilingi.

Februari 2024 tukauza Yurobondi nyingine ya dola bilioni 1.5, kwa asilimia 9.75, tukanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Mwezi huohuo hatifungani ya miundombinu, ya shilingi, ikatolewa kwa zaidi ya asilimia 18 bila kodi, na wageni wakaingia. Mwishoni mwa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Je, chai ya Kericho, inayotuletea dola, ilizaa maradufu katika wiki hizo? La. Hofu ya kwamba hatutalipa ilipungua, na sisi ndio tuliolipia utulivu huo: Benki Kuu yetu ilikuwa imefikisha riba yake asilimia 13, mwenye duka akakopa kwa bei hiyo na zaidi.

Deni hilo jipya liliandikwa lilipwe kwa mafungu matatu, 2029, 2030 na 2031. Wengi wenu mlioko humu mtakuwa kazini, mnakatwa kodi kwenye mshahara.