Shule ya serikali Uganda: hesabu kwanza, mwandikishe baadaye

Shikamooni wazazi, na vijana mambo vipi? Habari za Bukoba, Mwanza, Geita na kote nyumbani. Leo tuko Kampala na swali lenu la kila wiki: mtu anahamia huku kikazi au kibiashara, ada za shule binafsi zinamtoa jasho, je, ampeleke mtoto shule ya msingi ya serikali? Zipo nzuri na zipo za kukimbia, na wakati mwingine zinatenganishwa na barabara tu. Rangi ya geti haitakusaidia. Kitakachokusaidia ni kuhesabu.

Shule ya msingi hapa ni P1 mpaka P7. Mtoto anaingia P1 akiwa na miaka 6. Mwaka wa masomo unaanza karibu na mwanzo wa Februari, una mihula 3, na mtihani wa kumaliza, PLE, unafanyika Novemba. Chekechea nyingi ni za watu binafsi, kwa hiyo usishangae shule ya serikali ikianzia P1.

Kabla hujaingia, soma kibao. Ukiona C/U, shule ilianzishwa na Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana. R/C ni Wakatoliki, na UMEA ni Waislamu. Serikali inalipa walimu na kutoa ruzuku, lakini dhehebu mwanzilishi bado lina sauti kwenye kamati ya shule. Jambo hili linagusa mpaka mtihani: karatasi ya Maarifa ya Jamii ya PLE ina maswali ya dini, na mtahiniwa anachagua Ukristo au Uislamu. Mwanao wa Kiislamu akiwa shule ya C/U, uliza nani anamfundisha sehemu hiyo. Ukijibiwa "atajisomea", umeshaelewa.

Haya, twende kwenye kuhesabu. Nenda wiki ya 3 au ya 4 ya muhula. Wiki ya kwanza watoto wengi bado hawajarudi, na ya mwisho ni mitihani. Jumatatu au Ijumaa ndiyo siku nzuri, maana ndizo siku ambazo mwalimu mtoro hutoroka. Fika saa 3 asubuhi, omba ruhusa kwa mwalimu mkuu kwa adabu, kisha ikiwezekana urudi saa 8 mchana. Darasa lililokuwa na watoto 80 asubuhi likibaki na 45 mchana, mara nyingi sababu ni tumbo. Kwenye UPE, yaani mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, chakula cha mchana ni jukumu la mzazi. Shule ambayo wazazi wamekubaliana uji, au posho na maharage (posho ni ugali wetu ule ule), inabaki na watoto mpaka jioni.

Usikubali kupewa wastani wa shule nzima. Utaambiwa wanafunzi 700, walimu 14, yaani 50 kwa mmoja. Inapendeza masikioni. Lakini mwalimu mkuu ana kazi za ofisi, mmoja yuko likizo ya uzazi, na P1 ina watoto 130 chumba kimoja wakati P7 ina 48. P1 ndiyo hujaa kuliko zote, na ndiko mtoto anakojifunza kusoma. Kwa darasa analokwenda mwanao, chukua namba tatu: walioandikishwa, waliopo leo, na walimu walioingia darasani leo. Kigezo cha wizara ni watoto 55 kwa chumba. Kisha hesabu madawati. Dawati la kawaida hapa ni la watoto watatu, kwa hiyo madawati 20 ni watoto 60. Wakiwa 95, 35 wanabanana au wako sakafuni.

Matundu ya vyoo: kigezo ni watoto 40 kwa tundu. Watoto 700 wanahitaji matundu 18, na ya wasichana yawe peke yake na yafungike. Tundu lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko ofisini usilihesabu. Angalia pia kama kuna maji ya kunawa, au ni mtungi tu uliowekwa kwa ajili ya wageni.

Uliza walimu wangapi wanalipwa na serikali na wangapi na wazazi. Mwalimu wa PTA, yaani anayelipwa na umoja wa wazazi na walimu, anaweza kuwa hodari kabisa, lakini michango ikikwama, yeye ndiye wa kwanza kuondoka, na darasa linabaki bila mtu katikati ya muhula.

Tukiwa kwenye pesa. UPE ilianza 1997, kwanza kwa watoto 4 wa kila familia, baadaye ikafunguliwa kwa wote. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5, na msongamano mnaouona umeanzia hapo. Sheria ya Elimu ya 2008 inakataza kutoza ada ya masomo kwenye shule za UPE. Michango ya hiari inaruhusiwa, na mtoto hatakiwi kufukuzwa kwa sababu yake. Kwenye maisha halisi utakutana na orodha: rimu ya karatasi, fagio, karatasi za chooni, chakula, pesa za mitihani ya majaribio. Iombe kwa maandishi, jumlisha ya mihula yote 3, na lipa kwa risiti. Mjini kuna shule za serikali ambazo ukijumlisha hivyo unazikuta jirani kabisa na binafsi za bei ya chini.

Halafu tazama ubao wa matangazo. Ruzuku iliyopokelewa inatakiwa ibandikwe pale. Utaratibu huu una historia: uchunguzi wa matumizi ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 ni wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku iliyofika shuleni. Ndipo ruzuku zikaanza kutangazwa magazetini na kwenye mbao za shule. Ubao ukiwa mtupu, uliza bila ukali. Mwalimu mkuu asiye na la kuficha atakufungulia faili.

Matokeo ya PLE ndiyo yanawapotosha watu zaidi. Masomo ni 4: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii. Kila somo linapewa alama 1 mpaka 9, na 1 ndiyo bora. Zikijumlishwa, bora kabisa ni 4 na mbaya kabisa ni 36, na daraja la kwanza ni 4 hadi 12. Shule inaandika kwenye bango "Daraja la kwanza 40!" Kati ya wangapi? Wakiwa 210, hiyo ni asilimia 19. Ile ndogo ya jirani yenye 18 kati ya 45 ina asilimia 40, na haina bango. Uliza pia P6 ya mwaka uliotangulia ilikuwa na wangapi. Ikiwa P6 ilikuwa na 120 na waliofanya PLE ni 60, wale 60 walikwenda wapi? Kuna mchezo wa kurudisha dhaifu darasa ili bango lipendeze, na mwanao anaweza kuwa mmoja wao.

Sasa lugha, maana wa kwetu hujikwaa hapa. Mtaala wa 2007 unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, P4 wavuke, na kuanzia P5 iwe Kiingereza. Shule nyingi za Kampala zinaanza na Kiingereza tangu P1. Masaka utakuta Kiganda, Mbarara Kinyankole. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, na baraza la mawaziri liliamua 2022 kifundishwe kwa lazima, lakini kwenye yale masomo 4 ya PLE hakimo. Mtoto wa darasa la pili anayesoma Kiswahili vizuri atashika Kiganda haraka: ekitabo ni kitabu, ila "ki" inatamkwa "chi". Wa darasa la tano asiyejua Kiingereza ana mlima, na shule nyingi zitamrudisha mwaka mmoja au miwili baada ya usaili. Usimlete P7 muhula wa pili: usajili wa PLE hufanywa mapema mwaka huo huo.

Mkiwa darasani, omba madaftari matatu, la mtoto wa mbele, wa kati na wa nyuma. Angalia tarehe na masahihisho. Wiki mbili bila wino mwekundu kwenye daftari la nyuma zinakuambia mwalimu anafundisha mstari wa mbele. Omba mtoto wa P4 akusomee hadithi fupi ya kiwango cha P2. Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walikuwa wakipima hivyo hivyo Afrika Mashariki. Na tazama kama mwalimu ameshika fimbo. Sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 imekataza viboko shuleni, kwa hiyo ukiiona juu ya meza huku mgeni yupo, fikiria siku ambayo hayupo.

Mkikubaliwa, beba cheti cha kuzaliwa, ripoti ya mwisho, barua ya uhamisho yenye mhuri, kadi ya chanjo na picha ndogo. Nakala nne nne, zitolewe nyumbani kabla ya safari, maana barua ya uhamisho ikisahaulika Geita, kuifuata ni nauli nyingine.