Acheni kujaza div, wekeni alama za ukurasa

Haya jamani, hapo nyuma mnanisikia? Sawa. Fungua saiti yoyote ya habari, washa NVDA, ile programu ya bure ya kusoma skrini, alafu bonyeza herufi D. Kama developa kafanya kazi yake akaweka alama za ukurasa, yaani tagi zinazotaja kila sehemu ni nini, kila ukibonyeza unaruka kutoka menyu kwenda habari yenyewe, pembeni, mpaka chini kabisa. Kama kila kitu kimefungwa kwenye div, yaani boksi tupu lisilosema ndani kuna nini, D haikupeleki popote, na mtu asiyeona anabaki kusikilizishwa Nyumbani, Siasa, Michezo, Burudani, Biashara, alafu akifungua habari nyingine anaanza tena Nyumbani, Siasa, Michezo... Inaniuma kwa kweli, maana hizi tagi za alama zipo rasmi tangu HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ipitishwe 2014 na haziongezi gharama yoyote.

Ya kwanza main. Hii ndo muhimu kuliko zote, iwe moja tu kwenye ukurasa, ndani yake ikae habari yenyewe, sio menyu wala matangazo, na anayetumia JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, akibonyeza Q anatua hapo hapo.

Nav, tagi ya menyu, ukiwa nazo mbili zipe majina kwa aria-label, jina ambalo programu inamsomea mtu, ili azitofautishe, ila usiandike "menyu ya" hivi na hivi, kwa sababu programu yenyewe imeshatamka kwamba hii ni sehemu ya menyu, kwa hiyo andika "kuu" basi, nyingine "mada za leo".

Sasa hapa wengi ndo wanapotea: header, tagi ya kichwa, ukiiweka ndani ya article (habari moja) au section (kipande cha ukurasa) haihesabiki tena kama kichwa cha ukurasa, footer, ile ya chini, nayo hivyo hivyo. Na section isiyo na jina sio alama kabisa, iache ilivyo! Kuna watu wakishajifunza haya wanaweka role, yaani neno linalotaja kazi ya sehemu, ya region kwenye kila kadi ya habari, ukibonyeza D unakanyaga kadi baada ya kadi, hufiki unakokwenda, yaani ni kama alama hazipo.

Dada umeuliza kuhusu kodi ya zamani, yaani code ya saiti iliyojaa div. Kama huwezi kuigusa sana, weka role ya navigation kwenye hiyo div, inafanya kazi. Na sehemu ya kutafuta ina tagi yake ya search, imeingia 2023, brauza za zamani haziijui kwa hiyo kwa sasa mimi bado naweka role ya search kwenye form.