Usiuze Hilo Gunia Bado: mhadhara kuhusu makaratasi ya matbaa za zamani Nairobi

Asanteni, asanteni, kaeni tu. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanafunzi mmekaa karibu na mlango ndio mtoroke mapema, nawaona. Wengi wenu mshaniskia na haya maneno, kuna mmoja ameniuliza hapo nje "leo tena ni risiti?" nikamwambia ndio, leo tena ni risiti, na mkinipa maiki mwaka ujao itakuwa risiti.

Historia ya magazeti sitawasomea. Jeevanjee na Standard yake pale Mombasa 1902, Kenyatta na gazeti la Kikuyu Muigwithania 1928, hayo mmefanyia mitihani. Na gazeti si kilio changu kwa sababu gazeti lina wenyewe, ukitaka Standard za zamani majuzuu yako maktaba ya McMillan, yamekaa tu yanasubiri mtu ayafungue, na kama hutaki vumbi nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Kilio changu ni ile kazi ingine iliyokuwa inatoka kwa mashine hiyohiyo: kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za maduka, tiketi za dansi, lebo za chupa, fomu za shule, ratiba za mazishi. Kazi ndogondogo. Hizo ndizo zililipa mishahara na wino na kodi ya nyumba. Gazeti lilileta jina, na mara nyingi lilileta polisi.

Sasa hebu fikirieni, kadi ya harusi ya mwaka 1951 iko wapi leo? Aliyealikwa alishaitupa. Risiti ilifanya kazi yake ikaishia jaani. Lakini mwenye matbaa hakutupa, na si kwa sababu alikuwa anapenda historia, alikuwa anapenda pesa: mteja akirudi mwakani aseme "nichapie kama ile ya juzi" lazima uwe na ile ya juzi. Kwa hivyo kila kazi iliwekewa nakala moja ndani ya bahasha, bahasha ikapewa namba, namba ikaandikwa kwa kitabu cha oda. Miaka thelathini, arobaini ya mji mzima imepangwa kwa namba nyuma ya duka la mtu, na mimi hapa mjini sijaona maktaba iliyo na kitu kama hicho, sijaona.

Nitawaambia niliyoiona mwenyewe. Kichochoro kimoja upande wa River Road, matbaa inafungwa, vijana wanatoa magunia wanapakia kwa mkokoteni wa skrepa. Nikaomba nitazame gunia moja. Bahasha ya kaki, juu yake namba kwa penseli, chini jina la duka la vitambaa, halafu maagizo: vitabu hamsini, kila karatasi mara mbili, ya juu nyeupe ya chini rangi ya waridi, namba zianze 0001. Ndani kuna prufu, ile karatasi ya majaribio anayopewa mteja asahihishe kabla kazi haijachapwa. Na juu ya prufu mwenye duka amepita na penseli nyekundu, amekata jina lake lililokosewa herufi moja, halafu pale chini ameongeza kwa mwandiko wake "mkopo hakuna", akapiga mstari mara mbili. Mstari wa kwanza naona ulikuwa wa fundi, wa pili nadhani ulikuwa wa shemeji zake.

Hiyo bahasha moja imekupa nini? Imekupa duka ambalo leo halipo, Kiswahili cha biashara kilivyoandikwa na mtu wa biashara mwenyewe wala si mwalimu wa Kiswahili, na ugomvi wa mtu na wadeni wake. Na pale chini kabisa kwa herufi ndogo kama mchwa kuna ule mstari wa mchapaji, jina na sanduku la posta. Huo mstari jifunzeni kuusoma. Mtu akiniletea karatasi ya zamani naanzia chini, juu kuna maneno ya mteja lakini chini ndio kuna aliyethubutu kuyachapa.

Hapo kwa kuthubutu ndipo huwa naingia kwa Makhan Singh, na wanaonijua wanacheka kwa sababu hapa huwa sitoki. Mnamjua kama mtu wa vyama vya wafanyakazi, yule wa mkutano wa Kaloleni hapa Nairobi mwezi wa nne 1950 aliyesimama akadai uhuru sasa hivi, wakamkamata mwezi wa tano na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Sawa. Lakini mnasahau alitoka nyumba gani. Baba yake, Sudh Singh, alikuja kama seremala wa reli, akaacha reli akafungua matbaa hapa Nairobi, Punjab Printing Press. Kijana akafika 1927 na miaka yake kumi na tatu, akasoma, akamaliza, akaingia kwa mashine ya baba. Mkono wake ulijua wino kabla haujajua maandamano! Mwaka 1935 anachukua ukatibu wa chama cha wafanyakazi Wahindi, anakigeuza kinakuwa Labour Trade Union of Kenya, mlango wazi kwa kila rangi, na mabosi wanashtuka kwa sababu ghafla matangazo yako kila mahali, ya Kiswahili, ya Kipunjabi cha hati ya Gurmukhi, ya Kigujarati, ya Kiurdu. Mwaka 1937 mgomo ukaenda siku 62 na watu wakarudi kazini na nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 25. Siku 62 bila simu ya mkononi, bila redio ya kwako, mnashikilia watu wa lugha nne na nini? Na karatasi. Katibu wa chama aliyelelewa kando ya mashine ya kuchapa anajua kwamba tangazo likichelewa siku moja mgomo umekufa, anajua karatasi ngapi zinatosha mtaa mzima, anajua herufi gani inasomeka na mtu anayetembea.

Na kwa sababu alikuwa mtu wa matbaa, hakutupa kitu. Makaratasi yake leo yako maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nendeni mkaangalie, na kile kitabu chake cha historia ya vyama cha 1969 hangeweza kukiandika bila hayo makaratasi. Vizuri sana. Lakini ona sasa kitu kinachoniudhi. Tumehifadhi Makhan Singh kwa sababu alikuwa shujaa. Matbaa zenyewe je? Wiki ambayo hakuna mgomo zilichapa nini? Zilichapa leja na kadi na risiti, na hiyo ndiyo pesa iliyonunua karatasi ya wiki ya mgomo. Ukihifadhi tangazo la mgomo ukatupa risiti, umeniletea shujaa asiye na chakula.

Tena niwaambie ukweli mchungu, hata hizo karatasi za siasa nyingi tunazo kwa sababu ya polisi. Harry Thuku, yule mwanasiasa aliyepinga mkoloni hapa Nairobi, alichapiwa mambo yake 1921 na ofisi ya gazeti la East African Chronicle la Manilal Desai, serikali ikayakusanya. Girdhari Lal Vidyarthi wa Colonial Times, aliyekuwa pia na gazeti la Kiswahili Habari za Dunia, walimfunga miaka ya 1940 kwa uchochezi, na ukimshtaki mtu kwa uchochezi lazima karatasi yenyewe ije mahakamani, ibandikwe namba, iwekwe kwa faili. Mkoloni alikuwa mkutubi mzuri jamani! Alihifadhi alichokiogopa. Risiti hakuiogopa, kwa hivyo risiti imebaki kwetu, na sisi tunauza kwa kilo.

Najua mtu hapa anasema moyoni, hayo ni mambo ya Wahindi. Husemi kwa sauti lakini unasema. Sasa nikuulize, Mhindi Sitaram Achariar ndiye alichapa Muigwithania, hiyo ni ya nani? Magazeti mangapi ya Kiafrika ya miaka ya 1940 yalianza kwa mashine za Wahindi kabla wenyewe hawajanunua zao? Gazeti la Jicho la 1952 lilikuwa la Vidyarthi na lilikuwa la Kiswahili, lilisomwa na nani, na malkia? Na hizo kadi za harusi ziko na majina ya Wanjiku na Otieno na Fatuma na Pereira. Aliyesimama siku nzima akipanga herufi za risasi moja moja, akizisoma kinyume, kichwa chini, mara nyingi alikuwa Mwafrika ambaye jina lake haliko popote ila kwa kitabu cha mishahara cha hiyohiyo matbaa. Ukichoma hicho kitabu umemzika mara ya pili.

Mwingine anasema tupige picha na simu tumalize, nafasi hakuna. Sawa, piga, sikatai, mimi mwenyewe napiga. Lakini watu wanapiga zile zinazopendeza, kalenda yenye twiga, tangazo la sinema, wanaweka mtandaoni wanapata likes, ile bahasha ya kaki yenye penseli hakuna anayeipiga. Na hao wanunuzi wa vitu vya kale ndio wabaya zaidi, samahani kama mko hapa, wanakuja wanachagua kalenda ishirini nzuri wanalipa vizuri wanaenda, zilizobaki hazieleweki tena, kwa sababu nguvu ya hizi bahasha iko kwa ule mfululizo wa namba. Bahasha ya 4112 inakueleza kitu kwa sababu 4111 na 4113 ziko pale kando yake na kitabu cha oda kinasema ni nani alikuja asubuhi na nani alikuja jioni. Ukishavuruga umebaki na picha za kutundika hotelini.

Kwa hivyo kama kuna familia hapa yenye matbaa ya zamani, nawaomba, na naomba kwa heshima maana najua kodi ya River Road, kabla hujaita mtu wa skrepa fanya hivi. Usipange. Mtu akifika na moyo mzuri aanze kukupangia kadi huku kalenda kule, mpe chai mwambie akae. Acha vile baba alivyoacha. Kitabu cha oda kitafute kwanza, ndicho ufunguo, bila hicho hizo bahasha ni viazi. Pini za chuma zitoe polepole kwa sababu zinashika kutu na kutu inakula karatasi. Selotepu usiguse. Weka kwa maboksi, juu ya rafu, mbali na sakafu, maana mchwa anaanzia chini na maji ya mvua pia.

Na tafadhali, tafadhali sana, msilaminate! Sijui nani alianzisha hii kitu hapa mjini kwamba karatasi ukiipenda unaipeleka saiba inapikwa ndani ya plastiki. Nimeona cheti cha ubatizo kimefanyiwa hivyo, nimeona prufu ya kadi ya harusi yenye sahihi ya bwana harusi imefanyiwa hivyo, haitoki tena hiyo, joto na gundi vimeshaingia mpaka ndani, na kama karatasi ni ile mbovu ya gazeti yenye asidi inaendelea kuwa ya njano humohumo ndani ya plastiki huku wewe unajipongeza.

Naona nimeonyeshwa saa. Nilikuwa nizungumzie herufi zenyewe, ile risasi iliyochanganywa na antimoni na bati, inauzwa kwa kilo kama betri za gari, na seti za Kigujarati zikiyeyushwa hakuna mahali hapa utanunua zingine. Nilikuwa nizungumzie bloku za zinki, zile za kuchapia picha za maharusi. Na wazee wa kupanga herufi, hiyo ndiyo ya haraka kuliko zote kwa sababu hawa hawakai kwa boksi, aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani arekodi hii wikendi, simu mko nazo, mwulize alijifunza kwa nani na alilipwa ngapi na siku polisi walipokuja alikuwa amesimama wapi. Polisi hawakuisha na mkoloni, 1993 walifungua mashine za matbaa ya Fotoform wakaondoka na vipuri, na waliokuwa kazini siku hiyo wengi bado wako mjini.

Sheria niiguse tu. Kuna sheria ya vitabu na magazeti ya 1960 inayotaka nakala zipelekwe kwa serikali, na mimi siombi eti kila risiti ipelekwe, msajili ataniua. Naomba kitu kidogo: maktaba moja tu, yoyote, ikubali kupokea matbaa moja nzima, na bahasha zake na vitabu vyake vya oda na vya mishahara, bila kuchagua. Wakutubi mko hapa mstari wa mbele na nyote mnaangalia chini. Nafasi mnayo, kuna ile stoo ya kompyuta zilizokufa.

Maswali yaanze, na yeyote mwenye gunia nyumbani asinifuate kunipa pongezi, anifuate na namba ya simu. Mzee wangu hapo nyuma, umeinua mkono kitambo, uliza.