Njia ya Ng'ombe: mhadhara kuhusu kuendesha baiskeli katika rasi ya Applecross, Uskoti

Ndugu Mwenyekiti, kaka na dada zangu, nashukuru kwa kupewa jioni hii. Nimeombwa nizungumzie uendeshaji wa baiskeli ya barabarani katika nchi ya milima inayopakana na bahari na iliyo mbali na miji, nami nimechagua sehemu moja tu ninayoifahamu kwa miguu yangu mwenyewe, yaani rasi ya Applecross, kaskazini-magharibi mwa Uskoti. Niliishi Glasgow miaka kadhaa nikiwa masomoni, na kila nilipopata siku tatu za mapumziko nilipakia baiskeli kwenye treni nikaelekea huko. Wanaoniuliza habari za Applecross karibu wote huniuliza habari za mlima. Mlima nitausimulia, lakini nakiri mapema kwamba kwa maoni yangu huo ndio mtihani mwepesi. Kinachompima mwendeshaji kule ni wembamba wa barabara, na jinsi anavyokaa na wenzake juu yake.

Njia yenyewe inaitwa Bealach na Bà, maneno ya Kigaeli yenye maana ya kipito cha ng'ombe. Inaanzia Tornapress, pale ambapo Loch Kishorn, mkono mwembamba wa bahari ulioingia kati ya milima, unapofikia mwisho wake, na maji yakiwa yamekupwa unasikia harufu ya mwani huku ukijaza upepo matairini. Kutoka hapo barabara inapanda kilomita tisa hivi hadi mita 626 juu ya usawa wa bahari. Najua takwimu hiyo haimtishi mtu wa Arusha, ambaye kitanda chake tu kiko juu zaidi ya hapo. Isitoshe, wengi wenu mmeshapanda kutoka Mombo hadi Lushoto, na barabara ile inapanda karibu mita elfu moja. Lakini ile ya Lushoto inazigawa mita zake katika kilomita 33 hivi, wastani wa asilimia tatu, ilhali Bealach na Bà ina wastani wa asilimia saba, na karibu na kilele kuna vipande vinavyokaribia asilimia 20. Hata huko Uskoti kwenyewe ipo barabara iliyo juu kuliko hii, ile ya Cairnwell yenye mita 670, ila yule anayeipanda huanza safari akiwa tayari mlimani. Huku unaanza na bahari.

Mwanzo wake unadanganya. Barabara inakwea taratibu ubavuni mwa mlima, maji yanabaki kushoto kwako, unazungumza na mwenzako bila kuhema. Kisha inakata kona na kuingia katika bonde lililofungwa pande zote kwa kuta za mwamba mweusi, kati ya milima ya Meall Gorm na Sgùrr a' Chaorachain, na hapo ndipo unapoiona yote kwa mara moja: mstari wa kijivu uliosimama mbele yako na, mwisho wake, kona kali zilizokunjwa juu ya ukuta kama utepe. Wapo wanaoteremka kwenye baiskeli wakidai kupiga picha. Mara ya kwanza na mimi nilipiga picha nyingi.

Kosa langu siku hiyo lilikuwa la hesabu, na naomba mniruhusu niieleze kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi. Baiskeli yangu ilikuwa na gia ndogo ya mbele yenye meno 34 na kubwa ya nyuma yenye meno 28. Kwa gurudumu la kawaida la mashindano, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mbele mita mbili na nusu hivi. Ukiwa katika mwinuko wa asilimia 20 kwa mwendo wa kilomita sita kwa saa, utazungusha pedeli mara 40 tu kwa dakika, na hapo huendeshi tena bali unasukuma kila hatua kwa goti. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 80, mwendo huo mdogo unadai zaidi ya wati 250, na ukipunguza mwendo ili kupumua baiskeli inaanza kuyumba. Nilipobadilisha gia ya nyuma nikaweka ya meno 34, nilizungusha pedeli mara 47 au 48 kwa mwendo uleule, na magoti yakanyamaza. Kwa hiyo anayetaka kwenda aache fahari nyumbani abebe gia laini. Fundi yeyote mzuri wa hapa mjini atamfungia.

Sasa niingie katika kile nilichokiita mtihani wenyewe. Barabara hii, pamoja na sehemu kubwa ya barabara za rasi ile, ina upana wa gari moja tu. Hakuna mstari katikati. Badala yake, kila baada ya umbali fulani lami inatanuka upande mmoja kwa urefu wa gari moja au mawili, na pembeni kuna nguzo yenye kibao cheupe kinachokujulisha kuwa hapo ni mahali pa kupishana. Waingereza huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo kanuni yao haitawachanganya: kitanuo kikiwa kushoto kwako unaingia ndani yake, kikiwa kulia kwako unasimama mkabala nacho upande wako wa kushoto ili yule mwingine apitie humo. Kanuni zao za barabarani zinataka pia anayeteremka amwachie njia anayepanda kila inapowezekana, na aliye mbele aingie kitanuoni ili wanaomfuata wapite.

Hilo la mwisho ndilo gumu kwa mwendesha baiskeli. Anaposikia injini nyuma yake katikati ya mwinuko mkali, moyo unamwambia asisimame, kwani akisimama pale kuanza tena ni kazi. Kiatu hakikamati pedeli na gurudumu la mbele linanyanyuka. Nimeona foleni ya magari sita ikitambaa nyuma ya mtu mmoja aliyekuwa akipigania rekodi yake, akapita vitanuo vinne bila kugeuza kichwa. Kisheria pengine alikuwa na la kujitetea. Lakini tufikirie walio ndani ya magari yale. Mpaka miaka ya 1970, barabara ya pwani inayotoka kijiji cha Shieldaig ilipokamilika, kipito hiki ndicho kilikuwa njia pekee ya gari kufika kijiji cha Applecross, na theluji ilipokifunga watu walibaki na bahari tu. Hata leo ndiyo njia fupi, anayoipita mleta barua au fundi bomba akienda kazini. Hao wamezoea kusubiri, na ukiwapisha wananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ndiyo shukrani ya huko, nawe unapaswa kuirudisha hata kama umeishiwa pumzi.

Tangu mwaka 2015, pale njia ya watalii iitwayo North Coast 500, yenye urefu wa kilomita 830 hivi kuanzia na kuishia Inverness, ilipoanza kutangazwa, magari yenye vitanda na majiko ndani yamekuwa mengi mno. Kule chini Tornapress kuna kibao kikubwa kinachowaonya wanaojifunza gari, magari makubwa sana na wanaovuta nyumba za magurudumu wasiendelee mbele, lakini onyo ni jambo moja na kutii ni jingine. Ninachowashauri ni kuanza kupanda mapema. Mwezi Juni kunakuwa kumepambazuka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na katika saa hizo utakutana na kondoo na kulungu tu, ambao hawajui kanuni yoyote.

Jina la njia linaeleza kwa nini iko ilivyo. Wafugaji walikuwa wakiswaga ng'ombe kupitia pale kuwapeleka kwenye minada ya kusini, Crieff na baadaye Falkirk, na barabara ya magurudumu ilijengwa mwaka 1822 kwa kuifuata njia hiyo ya kwato. Ng'ombe hajali mwinuko akiwa hana mzigo. Anachotaka ni njia isiyo na majimaji. Mwenye mkokoteni, na mwenye baiskeli baada yake, wakarithi uamuzi wa ng'ombe.

Kuteremka upande wa pili hadi kijijini ni kilomita kumi hivi, nami nitakupitisheni haraka. Breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, zikilowa hukawia kukamata, kwa hiyo bana mapema na kwa vipindi. Kuna mahali ambapo barabara imekatwa kwa shimo lililofunikwa kwa vyuma vya mviringo vyenye nafasi kati yake ili mifugo isivuke: vivuke ukiwa umenyooka, mkono usiguse breki, kwa sababu chuma kilicholowa hakina huruma.

Kutoka Applecross hadi Shieldaig ni kama kilomita 40 za barabara ya pwani, visiwa vya Raasay na Rona vikiwa ng'ambo ya maji na milima ya Skye nyuma yake, na vilima vifupi visivyokwisha ambavyo vilinichosha kuliko kipito chenyewe. Hapo ndipo nilipopata pancha, jioni moja ya Julai isiyo na upepo. Uskoti ina usubi, vidudu vidogo kuliko ncha ya kalamu, na majike ndio wanaouma. Upepo ukizidi kilomita kumi hivi kwa saa hawawezi kuruka vizuri, maana yake ni kwamba unayekwenda mbio uko salama, anayepanda mlima kwa kilomita sita wanamfikia, na anayepiga magoti kubadilisha tyubu ni karamu. Walijaa masikioni, kwenye kope, chini ya mkanda wa kofia. Nilibana tyubu mpya kwa chuma cha kutolea tairi nikaitoboa, ikabidi nikae kutafuta tundu na kubandika kiraka huku nikijipiga makofi usoni.

Gari lenye kitanda, kubwa, la aina ileile niliyoilalamikia asubuhi nzima, likaingia kwenye kitanuo kilichokuwa mbele yangu. Mama mmoja wa makamo akateremka na wavu wa kujifunika kichwani, akanivika bila kusema neno, akashika tochi mpaka kiraka kikakauka. Nilipotaka kuurudisha wavu alitikisa kichwa. Nilifika Shieldaig karibu saa nne na nusu usiku, mwanga ukiwa bado haujaisha juu ya maji, na wavu ukiwa kichwani.