Kispika cha Muziki: Nenda Dukani na Wimbo Wako

Karibu tena, mtazamaji. Leo nipo barazani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na mezani nina spika ndogo tatu: mbili nzima, moja maiti. Hiyo maiti usiicheke, ndiyo itakayotufundisha zaidi. Sababu ya video hii ni shemeji yangu, mvuvi wa dagaa kule Kibirizi. Juzi kanipigia: "Shemeji, ile MP3 yangu ya zamani bado nzima. Nataka kispika cha kwenda nacho ziwani. Nichukue kipi?" Nikamwambia asitoe hela yoyote mpaka nirekodi hii. Shemeji, hii ni yako, na wengine mtasikilizia humo humo.

Hatua ya kwanza unaifanya ukiwa bado nyumbani. Shika hicho unachochezea muziki, ukigeuze pande zote. Hii hapa ni MP3 ya shemeji, kaniachia. Nasogeza kamera. Ina tundu la kuchajia, ina tundu la hedifoni, ina mdomo wa memori kadi. Basi. Bluetooth haina. Kwa hiyo spika yake lazima iwe na tundu la AUX, lile la duara la milimita 3.5, na waya wenye pini pande zote mbili. Usidhani kila spika inalo. Spika nyingi za siku hizi wameliondoa, hata baadhi ya zile za bei kubwa. Muuzaji atakwambia, "Zote zinaingia waya, kaka." Mwitikie vizuri, halafu igeuze spika, inua kile kifuniko cha mpira cha nyuma, angalia kwa macho yako.

Mwenye simu janja, wewe Bluetooth inakutosha. Mwenye kitochi, ingia kwenye menyu kwanza. Vipo vyenye Bluetooth na vipo visivyo nayo.

Najua kuna mtu hapo anasema, si achomoe tu memori kadi kwenye MP3 aichomeke kwenye spika? Inawezekana. Ila spika haina kioo. Ukiwa na nyimbo 800, wimbo unaoutaka utautafuta kwa kubonyeza mbele, mbele, mbele, usiku, mikono ina magamba ya samaki. Na kuna mtego mwingine: kadi inayozidi GB 32 kwa kawaida hutoka dukani ikiwa kwenye mfumo unaoitwa exFAT, na spika nyingi za bei nafuu zinasoma FAT32 tu. Unachomeka kadi yako ya GB 64, spika inalia "tii", inanyamaza. Watu wameshatupa kadi nzima wakidhani zimekufa. Chukua ya GB 32 au chini ya hapo.

Sasa tuje kwa marehemu.

Hii niliinunua kwa ajili ya shughuli ya mahari ya mdogo wangu. Duka silitaji. Boksi limeandikwa wati 40, kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Ina nyavu mbili mbele, kulia na kushoto, na nilipoishika nikaiona nzito, nikasema hii ndiyo yenyewe. Ilicheza dakika 50. Wageni ndiyo kwanza wanaanza kunyanyuka kucheza, ikatoa mlio wa kuishiwa, ikazima. Shangazi zangu wakaendeleza kwa vigelegele na makofi, na mpaka leo wakiniona wanauliza kama nimeshachaji.

Nimefungua skrubu nne za nyuma, angalia ndani. Wavu wa kushoto, nyuma yake kuna spika. Wavu wa kulia, nyuma yake hakuna kitu, ni pambo. Na hiki cheusi kilichogandishwa kwa gundi, unakiona? Ni kipande cha chuma. Hakijaunganishwa na waya wowote. Kazi yake ni kukufanya wewe useme "hii nzito". Mimi nilisema hivyo hivyo.

Na betri ndiyo hii. Bapa, saizi ya ile ya kitochi, imeandikwa mAh 1,000 na volti 3.7. Chukua kalamu, hesabu hii itakuokolea hela nyingi. mAh ni kipimo cha chaji iliyomo kwenye betri, na mAh 1,000 ni ampea 1 kwa saa 1. Zidisha na volti 3.7, unapata wati 3.7 kwa saa moja. Huo ndio mzigo wote uliomo humu. Kama kweli ingekuwa inatoa wati 40, huo mzigo ungeisha ndani ya dakika tano na nusu. Yangu ilicheza dakika 50, maana yake ilikuwa inakula wati 4 na kitu, tena nimeifungulia mpaka mwisho. Wati 40 ziko kwenye boksi tu.

Kwa hiyo hatua ya pili, dukani, anza na betri kabla ya wati. Tafuta mAh kwenye boksi au kwenye karatasi ya chini ya spika. Zidisha na 3.7, gawanya kwa 1,000. Betri ya mAh 2,000 inakupa wati 7.4 za saa moja. Kwa kispika cha mkononi, ukisikiliza kwa sauti ya kawaida ambayo haili hata wati moja kwa wastani, utapata saa sita na zaidi. Betri ya shemeji nataka isipungue hapo, maana wakitoka jioni wanarudi asubuhi. Na yale maneno "saa 12 za muziki", wenye viwanda huwa wanapima sauti ikiwa nusu au chini yake, kwa hiyo punguza mwenyewe.

Uongo upo hata kwenye mAh. Zile betri za duara zinazoitwa 18650, jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Za kweli zilizo nzuri, nyingi zinafika kama mAh 3,500. Ukiona moja imeandikwa 9,900, rudisha mezani, salimia, ondoka.

Na wati zenyewe, angalia palipoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo spika inaitoa mfululizo. Palipoandikwa PMPO, ile namba ya kilele cha kufikirika, pasome kama tangazo. Halafu jua kwamba wati 10 si makelele mara mbili ya wati 5. Masikio hayafanyi kazi hivyo: ukiongeza wati mara mbili, unasikia nyongeza ndogo tu. Ili masikio yaseme "hii mara mbili", unahitaji karibu mara kumi. Basi usiongeze shilingi 20,000 kwa sababu ya kutoka wati 5 kwenda 8. Hiyo hela iweke kwenye betri na kwenye ukubwa wa spika ya ndani.

Hatua ya tatu ni masikio, na hapa nitakaa kidogo.

Muuzaji ana wimbo wake wa kuuzia. Kila duka linao. Ni besi tupu inayogonga, hakuna mwimbaji, hakuna gitaa, na kila spika inapendeza kwenye huo wimbo. Mwombe auzime, weka wako. Njoo na nyimbo mbili au tatu unazozijua mpaka anapovuta pumzi mwimbaji. Sisi huku na Kongo tunatazamana ng'ambo ya ziwa, rumba tumelelewa nayo, na rumba ni kipimo kizuri sana: solo, rithimu, besi, sauti za waimbaji watatu juu yake, halafu sebene linafumuka vyote vikienda pamoja. Spika mbovu ikifika kwenye sebene inageuza magitaa yote kuwa gitaa moja lenye mafua.

Anza na sauti ya chini kabisa. Maneno ya mwimbaji bado unayashika? Vizuri. Panda hadi nusu. Panda hadi mwisho, usimwonee aibu muuzaji. Sikia hii ya bluu hapa mezani... umesikia pale besi inapopiga, sauti ya mwimbaji inazama na kurudi, inazama na kurudi? Betri haina nguvu ya kubeba vyote. Sasa hii nyeusi, wimbo ule ule... hii haina besi kubwa, lakini hakuna kinachopasuka. Mimi nachukua nyeusi. Besi ndogo iliyo safi nitaizoea, kukwaruza sikuzoei.

Ukiwa hapo hapo, simamisha wimbo uache sauti juu. Ikipiga "shhhh" kama mvua ya mbali kwenye bati, utaisikia hiyo kila usiku ukiwa umelala. Halafu jaribio ambalo wengi hawalijui: spika ndogo nyingi zina koni moja, yaani spika moja tu ya ndani, lakini wimbo umerekodiwa pande mbili, kulia na kushoto. Spika nzuri inazichanganya. Za ovyo zinaunganisha upande mmoja tu, ule mwingine unapotea. Kwenye nyimbo za zamani, ambako solo iliwekwa upande mmoja na waimbaji mwingine, utajikuta unasikiliza wimbo hauna gitaa. Kwenye simu janja nyingi kuna mpangilio wa kusukuma sauti kulia au kushoto. Sukuma huku, sukuma kule, pande zote mbili lazima utoke muziki. Kwenye MP3 ambayo haina hiyo, ndiyo maana nikasema uje na wimbo unaoujua.

Wewe unayetumia waya, kitu kimoja cha kuangalia: MP3 iweke kama robo tatu ya sauti yake, kisha ongezea kwenye spika. Ukiiweka MP3 mwisho kabisa, mara nyingi sauti inapasuka kabla haijafika kwenye spika, na utailaumu spika bure. Uzungushe pia ule waya taratibu kwenye tundu. Muziki ukikatika na kurudi, tundu ni legelege.

Halafu toka nje. Ndiyo, omba utoke nayo mpaka barabarani. Ndani ya duka kuna kuta za tofali na dari, besi inagonga inakurudia, kispika kinajifanya sabufa. Nje haina pa kugonga. Juu ya maji ndiyo kabisa, shemeji, hakuna ukuta kuanzia hapo Kibirizi mpaka Kongo. Ukirudi nyumbani fanya kinyume: isogeze kwenye kona ya chumba, utaongezewa besi ya bure.

Maji. Ukiona IPX7, maana yake spika imepimwa ikiwa imezama kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. IPX5 inahimili kurushiwa maji, si kuzama. Hiyo X ina maana vumbi halikupimwa. Ukitaka na vumbi tafuta IP67, kwa ule wekundu wetu wa kiangazi inasaidia. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, tuna nafuu kuliko watu wa pwani na chumvi yao. Ila kinga yote hiyo iko kwenye kile kifuniko cha mpira cha nyuma. Kikilegea au ukikiacha wazi, hakuna IPX hapo. Na ikidumbukia, hata kama inaendelea kuimba, usiichaji mpaka tundu likauke kabisa. Isiyoandikwa IP yoyote, shemeji, tia kwenye mfuko wa nailoni, funga mdomo. Sauti inapungua kidogo, spika inabaki.

Bluetooth nitapita haraka. Unganisha hapo hapo dukani, tembea hatua kumi, kisha tia simu mfukoni na ugeuke mgongo. Ikianza kukatika, ni mwili wako unaziba mawimbi, mwili ni maji mengi. Ikikatika kwa hatua tatu, iache.

Chaji, hapa watu wanalia sana. Chagua yenye tundu la Type-C ukiweza, maana lile la zamani dogo linalegea mapema. Lakini kuna spika za Type-C ambazo ukizichomeka kwa waya wenye Type-C pande zote mbili hazichaji kabisa. Hazijafa. Mtengenezaji kabania hela, hakuweka vipuri viwili vidogo ndani. Tumia waya wenye USB ile pana upande mmoja na zitaingiza. Wenye sola ndogo ya nyumbani, ile yenye tundu la USB, inachaji vizuri tu, taratibu lakini inafika.

Umelipa? Omba risiti yenye jina la spika na tarehe, na mwandikishe siku za waranti kwa kalamu. Ukifika nyumbani ichaji mpaka taa igeuke, kisha jioni hiyo hiyo, tuseme saa 1 usiku, iwashe kwa sauti unayoitumia kila siku na uandike saa. Iache iimbe mpaka izime yenyewe. Uliambiwa itaimba kwa saa sita, ikazima saa 3 usiku, yaani baada ya saa mbili tu? Kesho asubuhi uwe wa kwanza mlangoni kwake, na hesabu yako mkononi.

Shemeji, njoo Jumamosi twende wote sokoni, MP3 yako naibeba mimi, na ule waya wako uliofungwa selotepu uache nyumbani. Mimi nazima, simu ninayorekodia imebaki asilimia 6.